Usiuze makaratasi ya mshairi kwa muuza karanga

Kuna watu wanaamini mshairi akishatoa kitabu basi yale makaratasi yake ya mwanzo hayana kazi, mpe muuza karanga afungie. Jamani! Kitabu kinakupa neno moja alilobaki nalo, rasimu inakupa na yale matatu aliyoyakata, sasa ukikaa ukajiuliza alikata sababu ya vina, mizani, au alimwogopa mtu, hapo ndo unaanza kumjua.

Nyingine, eti mswada lazima uwe mkono wa mshairi mwenyewe, la sivyo ni feki. Haya, mchukue Muyaka bin Haji wa Mombasa, kafariki kama 1840, na mashairi yake mengi tunayo kwa sababu miaka mingi baadae Mwalimu Sikujua aliyaandika kwa herufi za Kiarabu, akisaidiana na mmishenari mmoja Mwingereza, Taylor, karatasi zikaishia SOAS, chuo kimoja kule London, na Diwani, yaani kitabu cha mashairi yake, ikatoka 1940. Huo mkono ni wa Sikujua, na bila yeye tungekuwa na mashairi machache sana ya Muyaka.

"Si yameshaandikwa kwa herufi za Kirumi, ya nini tena mswada ule wa Kiarabu?" Hii ndo inaniudhi zaidi. Kwenye uandishi wa zamani i na e zilichangia alama moja, u na o vilevile, na n ya "nd" mara nyingi haikuandikwa kabisa, kwa hiyo aliyenakili alikuwa anachagua neno, na anaweza kuchagua vibaya. Ukitupa mswada hakuna wa kumsahihisha.

Kulamineti nako watu wanadhani ni kutunza. Moto na ile plastiki vinashikana na karatasi moja kwa moja, huwezi kuitoa salama, na selotepu gundi yake inageuka njano inaingia mpaka kwenye wino. Weka kwenye bahasha ya karatasi isiyo na asidi, mbali na ukuta wenye unyevu maana mchwa hawapigi hodi.

Kuskani ni vizuri, ila hadiski nayo inakufa, tena ghafla kuliko karatasi.

Na zile glavu nyeupe za kwenye sinema, kwa karatasi za kawaida wala hazihitajiki, zinakufanya uchane kurasa tu. Nawa mikono, kausha vizuri, peni acha nje ya chumba cha kusomea, ingia na penseli.