Usanifu wa kisasa wa Ufilipino haukuanza na Locsin

Karibu kila mtu anayenigusia usanifu majengo wa Ufilipino anaanza na Leandro Locsin na kuishia hapo hapo. Mimi nampenda sana Locsin, namfundisha darasani kila mwaka, ila hii hadithi ya kwamba jamaa mmoja mwenye kipaji aliibuka tu miaka ya 50 akaleta usasa inawanyima haki yao watu wengi sana. Ukiyafuata majengo yenyewe unaona swali moja limewasumbua kwa zaidi ya miaka mia, yaani utajengaje kwa zege kwenye nchi ya jua kali, unyevu, vimbunga na matetemeko, alafu watu wakae ndani wapumue?

Tuanze na nyumba ya kijijini, bahay kubo. Imeinuliwa juu ya nguzo, sakafu yake ni fito za mianzi zilizoachiana nafasi kwahiyo upepo unapanda kutoka chini, na paa la makuti ya nipa lina mteremko mkali ili mvua isipate muda wa kutulia. Enzi za Wahispania wenye uwezo wakawa wanajenga bahay na bato, chini mawe juu mbao, na hapo kuna kitu naomba ukitazame kwa makini, dirisha lake. Juu kuna fremu pana za kuteleza, zimegawanywa vijumba vidogo vidogo na kila kijumba kimewekwa kipande chembamba cha kombe la kapizi badala ya kioo, mwanga unapita ukiwa umelainika na ukali wa jua unabaki nje. Chini ya kizingiti, usawa wa sakafu, kuna dirisha lingine fupi linaitwa ventanilla, lina vinguzo vya mbao, unaliacha wazi usiku kucha upepo unaingia na mwizi haingii. Na ile ghorofa ya mbao haikuwa urembo tu. Tetemeko la 1863 liliangusha kanisa kuu la Manila na majengo mengi ya mawe, 1880 ardhi ikatikisika tena, watu wakaona kabisa hatari ya kulala chini ya mzigo mzito, na mabati yakaanza kuchukua nafasi ya vigae.

Wamarekani walipochukua nchi kutoka kwa Wahispania walimleta msanifu Daniel Burnham wa Chicago, akachora ramani ya Manila na ya Baguio mwaka 1905 akaondoka zake. Aliyebaki kujenga ni William Parsons, na huyu kwa maoni yangu anastahili sifa kuliko Burnham maana alilitumia zege la nondo na veranda pana zenye kivuli, angalia Philippine General Hospital na Manila Hotel. Wakati huo huo, kwa sheria ya 1903, serikali ilikuwa inasomesha vijana wa Kifilipino Marekani, waliitwa pensionado. Mmoja wao ni Tomás Mapúa, alisoma chuo kikuu cha Cornell, akawa msanifu wa kwanza kusajiliwa nchini kwake na 1925 akaanzisha chuo ambacho bado kina jina lake.

Juan Arellano ndo anayenivutia kuliko wote wa kizazi hicho. Jengo la Bunge na Posta Kuu ya Manila, yote ya 1926, ni kazi ya mtu aliyefuzu vizuri shule ya kizamani, safu za nguzo ndefu za mtindo wa Kigiriki, ulinganifu mtupu. Alafu 1931 anafungua Metropolitan Theater na huamini ni mtu yule yule! Rangi, vigae, minara midogo midogo, na kwenye dari ya ukumbi ameweka maembe na ndizi za kuchongwa. Mtu ameacha kuiga majani ya kuchongwa ya Ugiriki akachukua matunda ya sokoni kwao. Mimi nahesabu hapo ndo usasa wa Kifilipino ulipopata sauti yake.

Ila aliyelijibu lile swali la jua na mvua sawasawa ni Pablo Antonio. Kazaliwa 1901, akawa yatima mapema, mchana anafanya kazi usiku anasoma, kwenye ujenzi wa lile jengo la Bunge mhandisi mmoja, Ramon Arevalo, akaona kipaji chake akamlipia masomo London, na kozi ya miaka mitano akaimaliza ndani ya mitatu. Aliporudi hakutaka mapambo ya kubandika. Nenda kwenye majengo yake ya Far Eastern University, la kwanza likiwa la 1939, utaona kila kitu kilichotokeza ukutani kina kazi: bapa za zege zilizolala juu ya madirisha zinakata jua la saa sita, zilizosimama wima zinakata jua la pembeni, na kivuli kinachoanguka ukutani kinabadilika kuanzia asubuhi mpaka jioni, hicho ndo pambo lenyewe. Amelipanga jengo hivi ili upepo ukate toka upande huu hadi ule. Leo tunafunga viyoyozi kwenye boksi la kioo tunasema ni usasa, wakati huyu bwana alishalimaliza suala hili kabla ya vita.

Vita Kuu ya Pili ikaja. Februari na Machi 1945 Manila ilipigwa mpaka ikawa vifusi, raia wapatao laki moja wakafa, na sehemu kubwa ya kazi za Arellano na wenzake ikalala chini. Posta na Bunge vilijengwa upya. Baada ya uhuru wa 1946 kulikuwa na kujenga kwa kasi kubwa, Juan Nakpil na Cesar Concio wakaijenga kampasi mpya ya University of the Philippines kule Diliman, na Carlos Arguelles kwenye jengo la kampuni ya bima ya Philamlife la 1961 akaufunika ukuta mzima kwa vizuia jua, ni ile ile akili ya Antonio ikiwa imepanda ghorofa.

Sasa tuje kwa Locsin, maana kwenye kanisa la Diliman lazima tukae kidogo. Alikuwa anasomea muziki, piano, akahamia usanifu akamaliza 1953. Alikuwa amechora kanisa kwa familia moja tajiri huko kisiwa cha Negros likakwama, padri John Delaney akautaka mchoro huo kwa ajili ya Diliman, na 1955 Church of the Holy Sacrifice likasimama, Locsin akiwa na miaka 27. Ni kuba la zege jembamba, linabebwa na nguzo 32 zilizopangwa pembezoni tu, ndani hamna nguzo hata moja. Na halina kuta! Unaingia kutoka upande wowote, upepo nao hivyo hivyo. Altare iko katikati watu wanaizunguka, jambo ambalo kwa makanisa ya nchi ile lilikuwa jipya, tena miaka kadhaa kabla Vatikani haijabadilisha liturujia. Juu katikati ya kuba kuna tundu linaloshusha mwanga na hapo hapo mnara wa kengele umepenya, juu unaonekana nje na chini unashuka kuubeba msalaba juu ya altare. Msalaba na altare ni vya Napoleon Abueva, michoro ya njia ya msalaba ni ya Vicente Manansala, sakafu ni ya Arturo Luz, na wote watatu pamoja na Locsin walikuja kutangazwa Wasanii wa Taifa, cheo cha juu kabisa ambacho nchi inampa msanii. Lile kuba ni mwavuli wa zege, ndivyo ninavyowaambia wanafunzi, na chini yake kuna silong ya bahay kubo, ile nafasi ya wazi chini ya nyumba, imekuwa kanisa.

Ukilielewa hilo, Cultural Center ya 1969, jumba la sanaa la Manila ambalo nalo ni la Locsin, haikusumbui. Bonge la boksi linaelea juu ya ardhi iliyofukiwa baharini, limebebwa na mikono ya zege iliyopinda, na zege la nje limechanganywa na makombe ya bahari yaliyosagwa. Lakini siwezi kulisifia bila kusema lilikuwa pia jukwaa la rais Marcos na mkewe Imelda, na haraka yao iliua. Novemba 17, 1981, kwenye ujenzi wa Manila Film Center, jengo la msanifu mwingine kabisa pale pale jirani, jukwaa la kujengea liliporomoka na mafundi wakafukiwa kwenye zege bichi, waokoaji wakacheleweshwa, na idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo. Januari iliyofuata tamasha la filamu likafunguliwa humo humo. Nikifundisha majengo ya kipindi hicho nawataja hao mafundi kwanza.

Msanifu Francisco Mañosa yeye alienda upande wa vifaa, mbao za mnazi, mianzi, kombe la kapizi, ukiona Coconut Palace utaelewa. Baadhi ya wenzangu wanaona ni mapambo ya watalii, mimi nakataa, sababu jengo lake la kampuni ya San Miguel la 1984 pale Ortigas ni ofisi kabisa na bado madirisha yameinama kukwepa jua na mimea inashuka ngazi kwa ngazi kama matuta ya mpunga ya Banaue.

Kinachonikera ni ubomoaji. Sheria ya urithi ya 2009 inatoa ulinzi wa awali kwa majengo yaliyofikisha miaka 50 na kwa kazi za Wasanii wa Taifa, na bado hoteli ya InterContinental ya Makati, ya Locsin mwenyewe, ya 1969, ilifungwa mwisho wa 2015 ikavunjwa. Kama ya Locsin inaenda hivyo, fikiria ya wale wasio na cheo hicho cha Msanii wa Taifa. Arguelles hakupewa. Concio hakupewa. Arellano naye hakupewa mpaka leo, wakati Antonio alikipata 1976 akiwa ameshafariki, kwahiyo kufa sio kizuizi. Posta ya Arellano iliungua vibaya Mei 2023. Metropolitan Theater angalau ilifunguliwa tena Desemba 2021 baada ya kufungwa tangu 1996, ukipita Manila ingia, na ukishakaa kwenye kiti angalia juu zile embe.