Chama cha wapiga besi si cha wazee wa okestra peke yao

Hapa Tabora, mji wa bendi za Kiko Kids na Tabora Jazz, ukisema "besi" watu huwaza gitaa la umeme. Juzi kijana mmoja wa Ng'ambo anayepiga besi hiyo aliniambia kwamba International Society of Bassists, chama cha kimataifa cha wapiga besi kubwa ya kusimama, ni "klabu ya Wazungu wa okestra, sisi wa dansi hatuhusiki."

Sivyo, mdogo wangu. Chama hicho, kilichoanzishwa na Mmarekani Gary Karr mwaka 1967, hupokea walimu, wanafunzi, mafundi wanaochonga ala, hata wanaopiga kwa kujifurahisha. Kwenye mkutano wake wa kila baada ya miaka miwili, wapiga jazi wana mashindano yao.

Tena besi kubwa ile, inayopigwa mtu akiwa amesimama, si ngeni kwetu: vikundi vya taarabu vya Unguja vinayo. Kwa kawaida nyuzi zake nne hutuniwa mi, la, re, sol, sawasawa na za gitaa lako. Tofauti itakayokutoa jasho (mimi ilinitoa) ni shingo isiyo na vizuizi, vile vyuma vinavyogawa noti kwenye gitaa: kidole kikiteleza kidogo tu, noti imeharibika, na ukumbi mzima umesikia.