Kwa nini flashi ya kwenye funguo hufa mapema, na ipi hudumu?

Flashi nyingi zinazobebwa kila siku hufa zikiwa na kumbukumbu nzima. Data imo ndani, haijaguswa. Kilichokatika ni njia ya kuifikia. Pakiti ya dukani itakuandikia 64GB au 128GB kwa herufi kubwa, na kasi ya kunakili pembeni, lakini jambo linaloamua kama flashi itamaliza miaka kwenye funguo haliandikwi: jinsi ilivyoundwa.

Fungua flashi ya kawaida ya plastiki. Utakuta kibao chembamba cha saketi chenye chipu mbili, moja ya kuhifadhi data na nyingine ya kuiongoza, yaani kidhibiti. Mwisho wa kibao kuna kichwa cha chuma kinachochomekwa kwenye kompyuta, na njia za umeme na data kati ya kichwa na kibao ni matone madogo ya lehemu. Kwenye flashi ya USB 2.0 matone hayo ni manne tu. Sasa ichomeke kwenye laptop iliyo mapajani, halafu mtu apite aigonge. Sehemu yote iliyochomoza nje inakuwa wenzo, na nguvu yake inaishia kwenye lehemu. Inapata ufa. Mwanzoni flashi inasomeka ukiishika kwa pembe fulani, baadaye haisomeki kabisa. Ikikufika hali hiyo usiitupe, na kompyuta ikikutaka uifomati usikubali. Fundi mzuri wa simu anaweza kulehemu upya na faili zikaonekana.

Kuna aina ya pili ambayo haina udhaifu huo. Chipu, kidhibiti na nyaya zake zote hufunikwa kwa plastiki ngumu iliyomiminwa, zikawa kipande kimoja cheusi chenye unene wa milimita chache, na vipande vya rangi ya dhahabu vya kugusana vikiwa juu yake. Hakuna kichwa kilicholehemiwa kwenye kibao, wala nafasi ya maji kupenya hadi kwenye chipu. Ikisahaulika kwenye suruali ikafuliwa, ikaushe kabisa kabla ya kuichomeka. Kwa kawaida huamka. Dukani utaitambua kwa ufupi wake: flashi ambayo ikichomekwa hubaki nje kiasi cha ncha ya kidole haina mahali pa kuweka kibao, hivyo karibu lazima iwe ya aina hii. Ufupi huo pia unaondoa wenzo. Gharama yake ni kwamba kidhibiti kikifa, fundi hawezi kung'oa chipu ya data na kuisoma peke yake. Itabidi akwangue kifuniko na kutafuta sehemu za kugusia zilizofichwa, kazi inayofanywa na wataalamu wachache. Hata hivyo, kwa flashi ya kutembea nayo ningechagua hii bila kusita, kwa kuwa kinachoiua mfukoni ni mipigo na unyevu.

Kisha tazama tundu la kupitishia pete ya funguo. Watu hulipita haraka, nami naona ndilo linalostahili dakika nyingi zaidi dukani. Tundu la plastiki hulika kidogo kidogo na pete ya chuma hadi linakatika, na flashi inadondoka kwenye daladala bila wewe kusikia. Tafuta ile ambayo tundu na mwili ni chuma kimoja, kama DataTraveler SE9 ya Kingston au BAR Plus ya Samsung. Zenye kofia huishi bila kofia baada ya muda mfupi. Zile za kusukuma kichwa kitoke zina jino dogo la plastiki la kukishikilia. Likichakaa, kichwa hurudi ndani kila ukijaribu kuchomeka. Kwa anayefanya kazi kwenye boti au machimboni ipo Survivor ya Corsair, silinda ya alumini yenye kifuniko cha kukaza na pete ya mpira, ila kwa funguo za nyumbani ni kubwa mno.

Kuhusu kumbukumbu yenyewe, hofu ni kubwa kuliko hatari. Teknolojia hii ilibuniwa na Fujio Masuoka wa Toshiba katika miaka ya 1980. Kila seli, yaani kijichumba cha kuhifadhia data, hunasa elektroni nyuma ya ukuta mwembamba wa kuhami umeme, na kila kufuta na kuandika upya huuchosha ukuta huo. Seli za kubeba biti moja huvumilia mizunguko kama 100,000. Zile za biti tatu, ambazo ni za kawaida kwenye flashi za leo, huvumilia kama 1,000 hadi 3,000. Ukijaza flashi nzima na kuifuta mara moja kwa wiki, mizunguko 1,000 itakuchukua zaidi ya miaka 19. Joto lina madhara ya karibu zaidi: elektroni huvuja polepole, na huvuja haraka zaidi kwenye joto. Usiiache juu ya dashibodi ya gari juani, na usiifanye sanduku pekee la picha za harusi.

Udanganyifu wa ujazo ni jambo jingine kabisa, nao umewaliza wengi. Kidhibiti kinaweza kuandikiwa kuidanganya kompyuta kwamba kina 128GB ilhali chipu ni ya 8GB. Unanakili, majina ya faili yanaonekana yote, lakini yaliyopita ujazo halisi hayafunguki. Siku hiyohiyo ya kununua, ijaze kwa H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux na Mac. Programu hizi huandika hadi mwisho kisha husoma zilichoandika. Inaweza kuchukua saa kadhaa. Vumilia, na tunza risiti.

Jambo la mwisho linatokana na uimara wenyewe: flashi isiyokufa ikipotea, huwa hai mikononi mwa aliyeiokota. Nyaraka za benki na vitambulisho vifungwe kwa nywila. BitLocker, zana ya Windows ya kufunga data kwa nywila, inahitaji Windows ya Pro kuifunga flashi, ingawa hata Windows ya Home huweza kuifungua. VeraCrypt, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, ni ya bure, lakini huhitaji ruhusa ya msimamizi wa kompyuta, na kwenye kompyuta ya steshenari hutapewa. Kwa hiyo ukitumia VeraCrypt, tengeneza faili lililofungwa ndani ya flashi badala ya kuifunga flashi yote, na PDF ya kuprinti iache nje ya faili hilo.