Kizigeu Hakiwashwi Upya Kienyeji: Ufafanuzi kwa Taasisi Zinazotumia Seva za Pamoja

Kuanzia robo hii ya mwaka, kila ombi la kuzima au kuwasha upya kizigeu (sehemu ya seva inayojitegemea kama kompyuta kamili) kwenye seva za pamoja linapitia fomu ya mabadiliko. Utaratibu huu umepokewa kwa manung'uniko, nasi tunayaelewa: wananchi wako kwenye foleni, mfumo umeganda, halafu mtu anaambiwa ajaze fomu. Makala haya yanaeleza kwa nini fomu inauliza yale inayoyauliza. Hayabadilishi makubaliano ya huduma kati ya kituo chetu, kinachosimamia seva hizi, na taasisi yoyote, na pale yatakapotofautiana nayo, makubaliano ndiyo yatakayofuatwa.

Seva zinazohusika ni za IBM Power zinazoendesha AIX, mfumo endeshi wa IBM, na zote zinasimamiwa kupitia HMC, konsoli iliyo nje ya seva zenyewe. Kuigawa seva moja kuwa vizigeu vinavyojitegemea si jambo geni. Seva ya IBM p690 ya mwaka 2001 ilikuwa ikigawanyika hadi vizigeu 16, na tangu prosesa za POWER5 za 2004 kizigeu kinaweza kupewa hata sehemu ya kumi ya prosesa. Kwa hiyo ombi linalosema "mtuzimie na kutuwashia seva yetu" halitekelezeki kama lilivyoandikwa. Seva ni ya taasisi zote zilizomo. Chenu ni kizigeu. Kina jina na namba, na vyote viwili viandikwe. Na kwa kuwa swali hili limejirudia mno: HMC ikiwa kwenye matengenezo, vizigeu vinaendelea na kazi kama kawaida. Kutoiona konsoli si dalili kwamba mfumo umeanguka.

Malalamiko yanayoongoza yanahusu profaili, yaani maelezo yaliyohifadhiwa kwenye HMC ya memori na prosesa ambazo kizigeu kinapewa kikiwashwa. Taasisi inaomba kuongezewa memori, tunaiongeza kwenye profaili, tunaijulisha, msimamizi anazima na kuwasha, kisha anatuandikia barua kwamba hakuna kilichofanyika. Tukifuatilia tunakuta ameandika `shutdown -Fr` ndani ya AIX. Amri hiyo inauanzisha upya mfumo endeshi peke yake. Kizigeu kinabaki na memori na prosesa zilezile kilizokuwa nazo. Profaili husomwa pale kizigeu kinapozimwa kabisa, HMC ikaonyesha kwamba hakiko kazini, kisha kikawashwa kutoka HMC kwa kuichagua profaili hiyo. Hili limo kwenye ukurasa wa kwanza wa mwongozo ambao kila msimamizi alisaini kuwa ameusoma.

Kinyume chake hutokea pia, na ndicho kinachouma zaidi. Mwisho wa mwezi, mishahara inachakatwa, taasisi inaomba nguvu ya ziada, nasi tunaiongeza papo hapo bila kuzima chochote. Kazi inaisha vizuri. Wiki kadhaa baadaye kizigeu kinazimwa kwa matengenezo na kuwashwa kwa profaili ya zamani, ile nyongeza inapotea, na mfumo unaanza kukokota. Hakuna aliyeiondoa: haikuhifadhiwa kwenye profaili. Anayetaka nyongeza idumu aandike hivyo kwenye ombi, tuihifadhi.

Sasa sehemu ya fomu inayolalamikiwa kuliko zote, ile ya kuchagua aina ya kuzima. Kuzima kupitia mfumo endeshi ndiyo njia ya kawaida: HMC inaiagiza AIX ijizime yenyewe, programu zinapewa nafasi ya kufunga, mafaili yanafungwa. Njia hii inahitaji AIX iwe hai na iwe inawasiliana na HMC. Kuzima mara moja ni kitu kingine. Ni sawa na kuchomoa waya ukutani: HMC haimuulizi mtu wala programu. JFS2, mfumo wa mafaili wa AIX, una logi ya kujirekebisha wakati wa kuwaka, na hifadhidata nyingi zina namna zake za kujiokoa, lakini "mara nyingi hurudi salama" si sentensi ambayo kituo kinaweza kuiweka kwenye barua. Ndiyo maana njia hii inahitaji saini ya mwenye mfumo, si ya msimamizi peke yake.

Ya tatu ni kuwasha upya kwa dampu, na kwa maoni yangu hii ndiyo inayopuuzwa bila sababu. Kizigeu kikiganda kabisa, ushahidi wa kilichokigandisha umo ndani ya memori yake. Ukikizima mara moja, ushahidi umekwenda, na wiki ijayo kikiganda tena tutakuwa palepale. Dampu inaandika hali ya mfumo kwenye diski kabla ya kuwasha upya, ili wataalamu wa mtengenezaji wapate cha kuchunguza. Lakini maandalizi yake hufanywa mfumo ukiwa mzima. `sysdumpdev -l` inaonyesha dampu itaandikwa wapi na kama imeruhusiwa wakati wote. Ukikuta FALSE kwenye mstari wa ruhusa hiyo, `sysdumpdev -K` inairekebisha. `sysdumpdev -e` inakadiria ukubwa wake, ulinganishe na nafasi iliyotengwa.

Dampu ikianza, HMC huonyesha msimbo 0c2. Maana yake dampu iliyoombwa inaandikwa. Kizigeu chenye memori kubwa kinaweza kukaa hapo muda mrefu. Hakijakwama, tafadhali. Tumewahi kuona msimamizi akiitazama 0c2, akaishiwa subira, akaagiza kizimwe mara moja. Akakosa dampu na bado akachelewa. Subirini 0c0, inayosema imekamilika. Ikija 0c4, nafasi haikutosha na dampu ni pungufu. Tujulisheni kabla ya kugusa kitu.

Yote hayo hayana maana ikiwa kizigeu hakijui kiwake kutoka wapi. Orodha ya diski za kuwakia hukaguliwa kwa `bootlist -m normal -o`, na jibu zuri lina sura hii:

hdisk0 blv=hd5 pathid=0
hdisk1 blv=hd5 pathid=0

Tatizo tunalokutana nalo ni la waliohamia diski mpya za SAN (mtandao wa hifadhi ya data). Data inahamishwa, mfumo unaendelea bila kukatika, kila mtu anapongezwa, na orodha inabaki ikielekeza kwenye diski ya zamani. Siku hiyo hakuna kinachoharibika, kwa sababu orodha hiyo haisomwi hadi mfumo uwake tena. Baadaye watu wa hifadhi ya data wanaiondoa diski ile kwa kuwa "haitumiki". Miezi inapita, mfumo unawashwa upya kwa jambo dogo la kiraka, na HMC inaonyesha AA060011 saa baada ya saa: kizigeu kinatafuta diski isiyokuwepo, kinairudia orodha, hakipati. Kisha tunapigiwa simu usiku na kuambiwa kwamba kiraka kimeua mfumo.

Utaratibu ni huu. Baada ya kuhamisha rootvg (kundi la diski lenye mfumo endeshi) au kuiakisi, yaani kuweka nakala yake kwenye diski ya pili, andika picha ya kuwakia (data ya kuanzishia mfumo) kwenye kila diski husika, kwa mfano `bosboot -ad /dev/hdisk1`. Kisha weka orodha upya kwa `bootlist -m normal hdisk0 hdisk1`. Hakiki kwa `ipl_varyon -i`, ambayo inasema YES au NO kwa kila diski kuhusu picha hiyo. Kuakisi peke yake hakutoshi. Diski yenye nakala kamili ya mfumo lakini isiyo na picha ya kuwakia, au isiyo kwenye orodha, haitakuokoa ile ya kwanza ikifa. Matokeo ya amri hizi yabandikwe kwenye fomu, nasi tunayasoma kweli.

Kuna pia hali ya kuwakia iliyoandikwa kwenye profaili. Anayerejesha mfumo kutoka kwenye chelezo huiweka kwenye SMS (menyu ya seva ya kabla ya mfumo kuwaka, si ujumbe wa simu) ili achague diski, na baada ya kazi anapaswa kuirudisha kwenye hali ya kawaida. Asipoirudisha, kila kizigeu kinapowashwa kutoka HMC kwa profaili hiyo kitasimama kwenye menyu na kumsubiri mtu abonyeze namba. Umeme ukikatika usiku na seva ikarudi, vizigeu vingine vilivyowekewa kujiwasha vitawaka vyenyewe, kile kimoja kitasubiri hadi asubuhi.

Kuhusu kuwaka kwa kujiendesha: si kila kizigeu kimewekewa hivyo, na si kila kimoja kinapaswa. Vizigeu vya VIOS, vinavyogawa diski na mtandao kwa wengine, tunaviwasha kwanza. Kisha hifadhidata, kisha programu. Taasisi iliyoomba vizigeu vyake vyote vijiwashe kwa pamoja itapewa, lakini isishangae programu ikiwaka na kulalamika kwamba hifadhidata haipo.

Ombi la kawaida liwasilishwe siku 3 za kazi kabla ya dirisha la matengenezo, likiwa na jina na namba ya kizigeu, aina ya kuzima, profaili ya kuwashia, matokeo ya bootlist, na simu ya mtu atakayethibitisha kwamba huduma imerudi. Ombi la dharura hupokelewa saa zote kwa simu, na fomu hujazwa ndani ya saa 24 zinazofuata. Isipojazwa, akaunti ya HMC ya msimamizi husika husimamishwa. Ikirudiwa, kuirejesha kunahitaji barua ya mkuu wa taasisi, siyo ya mkuu wa kitengo. Kutumia akaunti ya mwenzako ni suala tofauti kabisa. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015 kinazungumzia kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini, na adhabu yake ni faini au kifungo, au vyote viwili. Hatuandiki haya kumtisha mtu, ila HMC inaandika nani aliagiza nini na saa ngapi, na rekodi hizo zikiombwa na vyombo vinavyohusika tunazitoa.

Fomu zilizokwisha kuwasilishwa bila matokeo ya bootlist hazijakataliwa, zimesimama. Mnaweza kuyaongeza kwenye ombi lilelile, halihitaji namba mpya. Kwa dirisha la Jumamosi hii, yatufikie kabla ya Ijumaa saa 6 mchana.