Msamba haulazimishwi, acheni kuwakandamiza watoto

Jioni ukipita viwanja vya mitaani hapa Dodoma, Nkuhungu, Area C, Chang'ombe, utakuta vijana wa karate na sarakasi wanajifunza kupiga msamba, na mara nyingi kuna mmoja kashuka nusu, miguu inatetemeka, mwenzie kamlalia mabegani anamkandamiza afike chini. Hiyo kitu naomba muiache kabisa, nasema kama mtu wa fiziotherapia maana hao vijana baadae wanaletwa kwetu.

Iko hivi, nyama za paja za nyuma zimeshika kwenye ule mfupa wa tako tunaoukalia, na kwa mtoto wa miaka 13 mpaka 17 hivi pale panaposhikwa bado hapajakomaa, kwahiyo ukimkandamiza ghafla wakati mwingine nyama haichaniki, kinachong'oka ni kipande cha mfupa. Anasikia paa! chini ya tako, akikaa kwenye benchi anaegemea upande mmoja, kesho yake paja limevilia damu. Jamani huyo msimchue wala kumpaka dawa ya moto, mwekeeni barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 15 hivi halafu apelekwe hospitali apigwe eksirei.

Msamba unakuja taratibu tu. Wiki za mwanzo msuli haurefuki sana, ni mishipa ya fahamu inazoea mvuto, ndo maana ukilazimisha mwili unazidi kujikaza. Pasha kwanza, kimbia taratibu dakika 5 mpaka 10, na zile asubuhi za mwezi wa sita na wa saba zenye upepo wa baridi ongeza kidogo, halafu shuka mpaka uhisi kuvutwa (siyo kuuma!), tulia sekunde 30 huku unapumua, rudia mara 2 au 3. Ukiwa hapohapo kandamiza kisigino chini sekunde 5 mpaka 10 alafu legeza, utashangaa umeshuka tena. Ukisikia ganzi inashuka mguuni, acha.

Kabla ya mechi usikae kwenye mvuto dakika nzima nzima, unapunguza nguvu ya kukimbia na kuruka. Rusha miguu mbele na pembeni inatosha, msamba ufanye baada ya mazoezi.

Halafu makocha, msamba wa pembeni si wa kila mtu. Kuna watu shimo la nyonga limeingia ndani sana, wakitanua miguu mfupa unagonga mfupa, anahisi kubanwa juu ya nyonga badala ya kuvutwa ndani ya paja. Mwambie ageuze magoti yaangalie juu na kiuno akiinamishe mbele kidogo, ikibana bado basi hapo ndo mwisho wake, msimuite mvivu.

Na winga wa mpira wala hahitaji msamba kamili, anahitaji nyama za paja zenye nguvu. Apige magoti, mwenzie amshike vifundo vya miguu kwa nyuma, ashuke mbele taratibu kadri anavyoweza kujizuia, aanze na mara 5 tu, siku 2 kwa wiki.