Ngome Kongwe ilipokuwa karakana ya gari la moshi

Wageni wanaoingia Ngome Kongwe, ile ya Mji Mkongwe wa Unguja, husimuliwa habari za Wareno na Waomani, na hiyo ni haki yake. Linalonisikitisha ni kwamba aghalabu haitajwi kuwa mwanzoni mwa karne ya 20 humo ndimo ilimokuwa karakana ya reli iliyotoka mjini kwenda Bububu. Reli hiyo, ya maili 7 hivi, ilijengwa na kampuni ya Kimarekani na ikaanza kazi mwaka 1905. Napenda pawekwe kibao cha kuwakumbuka mafundi wake.

Mimi ni fundi wa boila, yaani chombo cha chuma cha kuchemshia maji yawe mvuke. Kazi yangu iko Pemba, kwenye mvuke wa kukamulia mafuta ya makonyo ya karafuu, na mvuke haujabadili tabia tangu enzi hizo. Watu wakitazama picha za injini ile huvutiwa na magurudumu na moshi. Fundi hutazama maji.

Sehemu kubwa ya Unguja imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji yanayopita kwenye mawe hayo hubeba chokaa. Ndani ya boila mvuke huondoka, chokaa hubaki. Huganda juu ya mabomba yanayopitisha moshi na juu ya paa la tanuri, yaani chumba cha moto, mpaka likawa gamba gumu. Gamba hilo huzuia joto lisifike kwenye maji, basi chuma hulibeba chenyewe, kikalainika na kubonyea kwa presha. Boila nyingi zimepasuka namna hiyo.

Kwa hiyo kazi kubwa ya karakana yoyote ya injini za mvuke ni kuosha. Moto huzimwa, injini ikaachwa ipoe yenyewe, hata ikibidi usiku kucha, kwani maji baridi kwenye chuma cha moto hukipasua. Kisha hufunguliwa plagi za pembeni, fimbo ya chuma ikapitishwa kukwangua, na mpira wa maji ukafuata mpaka yanayotoka chini yawe safi.

Halafu zinakuja bolti zinazoshika kuta za tanuri na kuta za nje. Hizo hupimwa kwa sikio. Bolti nzima ukiigonga hulia kali na nyundo hukurudia mkononi. Iliyokatika hutoa sauti butu. Fundi mzuri huzipita safu kwa safu, akatia alama ya chaki kwenye zile anazozitilia shaka.

Juu ya tanuri kuna plagi yenye risasi ndani, yaani ile metali laini inayoyeyuka upesi. Maji yakipungua mno, risasi huyeyuka na mvuke ukavamia moto kumzindua dereva. Plagi iliyofunikwa na chokaa haiaminiki hata kidogo, na mimi simwelewi fundi anayeirudisha ya zamani kwa kubana matumizi. Ni roho za watu hizo.

Kazi za beringi, pistoni na breki zilikuwepo pia, ila hizo fundi makanika yeyote anazielewa.

Mwisho boila hujazwa maji pomoni, hewa yote ikatolewa, na presha ikapandishwa kwa pampu kupita ile ya kazi. Hutumika maji kwa sababu hayabanwi kama hewa: penye udhaifu patavuja tu, hapataruka vipande. Ikitulia hapo ndipo huwashwa moto, tena mdogomdogo kwa saa kadhaa, ili chuma kipanuke sawasawa. Ndiyo maana mwasha moto hufika kazini usiku, abiria wakiwa bado wamelala.