Nipe Panadol yenyewe

Jumamosi jioni, foleni imefika mlangoni. Mzee mmoja anaomba Panadol. Namwekea parasetamoli, karatasi ya vidonge kumi. Anaisogeza mbali na macho kwa sababu miwani kaiacha nyumbani, anaisoma, kisha anairudisha kwangu kwa ncha ya kidole. "Binti, nipe Panadol yenyewe."

"Mzee wangu, ndiyo yenyewe. Hii miligramu 500, ile miligramu 500, dawa ni moja."

Kijana aliye nyuma yake anadakia, simu mkononi: "Mzee yuko sahihi, dada. Hizi za bei rahisi zinaruhusiwa kuwa na dawa asilimia 80 tu. Kuna video."

Asilimia 80! Ni mara ya nne mwezi huu, na mara moja nimeisikia kutoka kwa daktari. Basi naandika.

Kilichomo kwenye kidonge kinasimamiwa na famakopia, kitabu rasmi cha viwango vya dawa. Ile ya Uingereza inataka kidonge cha parasetamoli kiwe na asilimia 95 hadi 105 ya kilichoandikwa, yaani miligramu 475 hadi 525, liwe boksi la rangi au kikaratasi cheupe. Hapo hakuna mjadala.

Hiyo 80 inatoka kwenye jaribio jingine kabisa, la ulinganifu. Watu wazima wenye afya, mara nyingi dazeni mbili hivi, wanameza dawa ya kampuni asilia, wanapumzika siku kadhaa, kisha wanameza ya jeneriki, yaani dawa ileile kutoka kiwanda kingine. Kila zamu wanatolewa damu tena na tena ili tuone dawa imepanda hadi wapi na jumla yake ni kiasi gani. Tunapata uwiano wa wastani kati ya jeneriki na asilia. Kwa kuwa watu wenyewe ni wachache, wastani huo una wigo wa mashaka pande zote mbili. Kinachotakiwa ni wigo huo wote, ule wenye uhakika wa asilimia 90, ukae kati ya asilimia 80 na 125 ya dawa asilia. Sijasema wastani, nimesema wigo wote! Jeneriki yenye wastani wa 82 itafeli karibu kila mara, kwa sababu mkia wake utakuwa umeshachungulia chini ya 80. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilipopitia majaribio 2,070 ya mwaka 1996 hadi 2007, tofauti ya wastani katika jumla ya dawa kwenye damu ilikuwa kama asilimia 3.5. Na wenye jina kubwa wakibadilisha utengenezaji kwa kiasi kikubwa, wanaweza kudaiwa jaribio hilihili, kwa mipaka hiihii. Sidhani kama video ilifika huko.

Nikiri jambo: kwa parasetamoli, jaribio la damu linaweza kusamehewa, ikapimwa tu namna kidonge kinavyoyeyuka maabara. Naona inatosha. Kuapa, siapi.

Mzee naye si mjinga. Mwaka 1981 watafiti Uingereza waliwapa wanawake 835 aspirini au vidonge hewa (visivyo na dawa ndani) vya kichwa, vingine kwenye pakiti yenye jina maarufu, vingine bila jina. Jina peke yake liliongeza nafuu. Kwa hiyo akiniambia "ile inanishika haraka," simbishii, kichwa ni chake. Ila Marekani, utafiti uliochapishwa 2015 ulionyesha wafamasia wakinunua dawa ya kichwa kwa ajili ya nyumbani huchukua yenye jina mara 9 tu katika 100, wakati wanunuzi wa kawaida ni mara 26.

Tena kuna kopo. Vidonge elfu moja, kifuniko hakikazwi, joto la Dar na unyevu wake, muuzaji anahesabia kwenye kiganja, anatia kwenye kibahasha na kuandika "2x3" kwa kalamu iliyokauka. Hakuna jina la kiwanda wala tarehe ya kuisha. Aliyelelewa na kibahasha hicho akipenda boksi lililofungwa, ananunua kufungwa kwake. Mimi mwenyewe kopo sichukui. Feki ni habari nyingine, maana mghushi hughushi kinachouzika, na kinachouzika ni jina.

Panadol Extra iacheni kando, ina kafeini miligramu 65, si kitu kilekile. Hofu yangu kubwa ni yule anayeamini ni dawa mbili tofauti: asubuhi Panadol mbili, baada ya saa moja parasetamoli mbili "za kusaidizia". Gramu 4 kwa siku ndiyo mwisho wa mtu mzima, na ini halisomi boksi.

Panaponikwama ni dawa za kifafa. Kipimo chake hakina nafasi ya kuchezea. Majaribio mengi yananiambia kubadilisha kiwanda hakuna neno, lakini nina mteja aliyekaa miaka bila degedege, akabadilishiwa, akaanguka wiki hiyohiyo. Huenda alisahau kumeza. Huenda siyo. Yeye akisema "nipe ileile," naingia stoo kuitafuta bila neno.

Mzee aliondoka na Panadol yake. Kijana alichukua parasetamoli, hela ilikuwa haitoshi.